Kompyuta Iliyofunikwa Kanga

Recheli Kabula aliingia ofisi ya ushirika wa asali akamkuta Stela anakusanya vitu vyake. Kikombe, chaja ya simu, sanamu ndogo ya Bikira Maria na jozi ya ndala. Alikuwa akivitia kwenye mfuko kimoja kimoja, polepole, huku machozi yanamlengalenga.

"Hujafukuzwa bado," Recheli akamwambia. "Rudisha kikombe mezani. Nitahitaji chai."

Stela alikuwa karani wa mapokezi, binti wa Ulyankulu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Alimtazama yule mama aliyevaa raba za michezo na gauni la kitenge, begani kaning'iniza begi la kamera lisilo na kamera, akarudisha kikombe. Watu wengi walimtii Recheli hivyo hivyo bila kujua kwa nini. Alikuwa mpelelezi wa polisi kwa muda mrefu, upande wa makosa ya mtandao, kisha akaacha na kufungua chumba chake mtaa wa Ng'ambo, katikati ya fundi cherehani na fundi baiskeli. Walimletea simu zilizoibwa na akaunti zilizotekwa. Waliomletea simu za waume zao aliwarudisha nyumbani wakaongee.

Meneja akatoka chumbani kwake na shati lililopigwa pasi vizuri na macho ya mtu asiyelala. Jina lake Dionis, kijana wa Bukoba, hajamaliza hata mwaka Tabora.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba. Uinspekta niliuacha kwenye kabati la sare. Nieleze toka mwanzo, na uniambie ulichokiona, si unachokidhani."

Dionis akaeleza, na kusema kweli alieleza vizuri. Ushirika una folda moja inayoitwa ASALI. Humo kila pipa la asali lina maelezo yake: limetoka kijiji gani, nani alirina, lilipimwa lini likaonekana vipi. Folda hiyo ilikaa ndani ya kompyuta ya mzee Gerson Luhende, mtunza kumbukumbu, na wengine waliifungua wakiwa mezani kwao kupitia mtandao wa ofisi. Kesho asubuhi mapipa yanapakiwa kwenye behewa. Mnunuzi hapokei pipa lisilo na maelezo, na asali ya msimu mzima, kuanzia Ulyankulu mpaka Igalula, imesimama ghalani inawasubiri wao.

"Mzee Luhende alifariki Jumapili," Dionis akaendelea. "Ghafla tu, nyumbani kwake. Jumanne tulifunga ofisi tukaenda kumzika kwao Igalula. Jana asubuhi tukiita folda, mashine inasema kompyuta ya LUHENDE haipatikani kwenye mtandao. Badala yake kuna mgeni. Anajiita MPAGAZI. Na ndani ya huyo MPAGAZI kuna folda inaitwa ASALI! Ukiigusa, inadai paswedi. Mtu ameihamisha folda yetu akaipiga kufuli."

"Hilo la mwisho ndilo unalodhani."

"Ndilo," akakubali. "Lakini Jumanne mtu mmoja tu alibaki hapa kushika simu." Hakumtazama Stela alipolisema. "Sijafurahi, mama. Ila saa tisa nisipokuwa na jibu, nampeleka polisi. Bodi imeniagiza."

Stela alikuwa anamimina chai, na kifuniko cha chupa kikamdondoka.

"Basi tuna muda mpaka saa tisa," Recheli akasema. "Mimi huwa naanza na waya."

Akapiga magoti chini ya meza ya mapokezi, mahali ruta ilipofungwa ukutani. Katika kazi yake wezi wengi wa mtandao walikuwa panya, na waliobaki walikuwa wafagizi. Akazitazama taa za ruta: zote zinapepesa. Akafuata waya mmoja mmoja kwa vidole, hakuona palipotafunwa wala palipochomoka. Akamwambia Stela achapishe karatasi yoyote, na mashine ya kuchapia iliyo chumba cha pili ikatema ukurasa.

"Mtandao ni mzima," akasema akijipangusa magoti. "Njia ipo. Anayekosekana ni mwenye nyumba. Nionyeshe mnavyoonana humo."

Stela akafungua orodha ya kompyuta zilizo kwenye mtandao. Zilikuwa nne: MENEJA, MAPOKEZI, DAFU na MPAGAZI.

"DAFU ndiyo nini?"

"Ya Bi Najiat, anayepima asali maabara." Stela akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mzee Luhende ndiye aliyeibandika jina hilo. Bi Najiat alikwenda kuswali, aliporudi akakuta kompyuta yake imekuwa dafu. Alimfukuza mzee mpaka barabarani na mwiko wa asali mkononi. Tulicheka, jamani!" Halafu tabasamu likaisha, akafuta macho kwa kiganja.

Recheli hakuandika kitu. Aliyatazama yale majina kidogo, akanywa chai.

"Na kompyuta ya mzee yenyewe iko wapi?"

Wote wawili wakageuka kuangalia kona ya dirishani. Pale palikuwa na meza safi, kiti kilichosukumwa ndani, koti la kahawia limetundikwa mgongoni mwa kiti, na juu ya meza kitu kimefunikwa kanga ya zambarau.

"Hatujaigusa," Dionis akasema. "Jumatatu taarifa ya msiba ilipofika, Bi Najiat aliivua kanga yake akaifunika. Akasema kiti cha marehemu hakikaliwi mpaka matanga yaanuliwe Jumamosi. Mimi mgeni hapa. Nikaheshimu."

"Ulifanya vizuri," Recheli akasema, na hakuwa anamtania.

Akavuta kiti akakaa mkabala na Stela. Dionis alitaka kubaki amesimama nyuma yao, akaelekezwa kwa kidole akae mbali.

"Jumanne, Stela. Nani aliingia humu?"

"Hakuna mtu, dada."

Recheli akaionyesha ruta kwa kidole.

"Ruta hii huwa inakumbuka kila kifaa kilichowahi kuingia. Nikiiuliza itaniambia. Ila ningependa kusikia kwako."

Stela akainama. "Kaka yangu, Aleksi. Alikuja na treni kutoka Kaliua. Ni fundi simu kule, na mtandao wao ni wa kubahatisha. Aliniomba apakue programu zake kwa laptopu yake. Najua hairuhusiwi. Ndiyo maana sikusema."

Dionis akainuka kama aliyekalia moto. "Fundi simu! Na laptopu! Si ndiye huyo?"

"Kaa, meneja. Stela, Aleksi yuko wapi sasa?"

"Alirudi Kaliua jioni ile ile. Mpigie hata sasa hivi, yuko kibandani kwake."

"Haina haja." Recheli akavuta kibodi, akafungua dirisha jeusi, akaandika amri fupi. "Hapa namwita MPAGAZI kwa jina, kila mara, bila kuchoka. Akiwepo, ataitika. Meneja, njoo usome."

Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini.

"Anaitika," Dionis akasema. "Anaitika tena."

"Anaitika kupitia ruta iliyo chini ya meza hii. Laptopu iliyoko Kaliua haiwezi kuitika hapa, labda iwe na miguu. Aleksi ana kosa la kutumia mtandao wenu bure, na dada yake ana kosa la kumwonea huruma. Hayo mtayamaliza wenyewe. Lakini MPAGAZI yumo humu ndani na sisi."

Dionis akatazama juu ya kabati, kisha nyuma ya mlango. Recheli akacheka.

"Hajajificha huko. Wewe endelea kusoma kwa sauti, usinyamaze."

Akarudi chini ya meza. Akachomoa waya wa meneja. "Anaitika," Dionis akasema. Akaurudisha, akachomoa wa maabara. "Anaitika bado." Akaurudisha, akashika wa tatu, ule uliopita nyuma ya kabati na kuambaa na ukuta mpaka kona ya dirishani. Akauchomoa.

"Kimya," Dionis akasema. "Mama, amenyamaza!"

Akauchomeka tena.

"Anaitika!"

Recheli akatoka chini ya meza na vumbi kwenye nywele. Wote watatu wakaitazama ile kanga ya zambarau.

"Mgeni wenu hajatoka popote," akasema. "Ni mwenyeji aliyebadilishwa jina. Folda haijahamishwa wala haijaibwa, ipo pale pale mzee alipoiacha. Kompyuta zenu zinamwita LUHENDE, na hakuna anayeitika jina hilo tena. Mkimwendea kwa jina jipya, anawaona wageni na kuwadai paswedi ambayo mzee aliihifadhi zamani ndani ya kompyuta zenu kwa jina la LUHENDE, wala hamkuwahi kuijua. Kosa si la mashine hata kidogo."

Dionis akashusha pumzi, kisha uso wake ukakunjamana upya. "Lakini jina halijibadilishi lenyewe. Kuna mtu alikaa pale akalibadilisha. Na Jumatatu folda ilikuwa inafunguka, mimi mwenyewe niliifungua. Kwa hiyo ni Jumanne. Na Jumanne..."

Stela akaanza tena kukusanya vitu vyake.

"Jibu liko chini ya kanga," Recheli akasema, akapiga hatua kuelekea dirishani.

"Usiiguse!"

Mlangoni alikuwa amesimama mama mnene wa makamo, baibui lake limejaa vumbi la barabara ya Igalula, mkoba bado uko begani. Bi Najiat alikuwa Mzaramo aliyezaliwa Ng'ambo. Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, akazikwa Tabora, na binti yake hakuwahi kukaa pwani zaidi ya likizo. Hata hivyo alijihesabu mtu wa pwani, na kila Mnyamwezi aliyekutana naye alikumbushwa jambo hilo.

"Shikamoo, Bi Najiat."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Recheli Kabula. Mtoto wa Uyui."

"Mnyamwezi!" Mdomo wa Bi Najiat ukafunguka wenyewe kwa mazoea ya miaka. "Na mzigo wako uko wapi, umeutua..." Akakatiza hapo hapo. Akageuza uso, akajishughulisha na mkanda wa mkoba.

Recheli alimwacha mpaka akamaliza. "Mama, naomba ruhusa yako niifunue hiyo kompyuta. Sitakaa kwenye kiti chake."

"Mngoje Jumamosi. Mtu hajapoa kaburini mnaanza kupekua vitu vyake!"

"Jumamosi Stela atakuwa mahabusu."

"Stela?" Bi Najiat akageuka. "Stela gani? Huyu? Kwa lipi?"

Dionis akamweleza kwa kifupi, akiangalia viatu vyake. Bi Najiat alikuwa Igalula na wafiwa tangu Jumanne. Aliposikia kwa simu kwamba folda inasumbua, alidhani ni yale masumbufu ya kila siku. Akasikiliza mpaka mwisho, akaweka mkoba chini, akaenda dirishani. Aliifunua kanga yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani.

Skrini ilikuwa nyeusi. Recheli akapiga magoti kando ya kiti, akasukuma kipanya kidogo, na mashine ikaamka.

"Ilikuwa inawaka muda wote," Dionis akashangaa.

"Hakuwahi kuizima," Stela akasema. "Alisema punda akilala amebeba mzigo huwezi kumwamsha. Na umeme ukikatika ukarudi, inajiwasha yenyewe. Aliifanyia hivyo makusudi."

Recheli aliipenda habari hiyo. Akafungua mahali mashine inapoandika mambo yake yenyewe: saa ilipowashwa, saa ilipozimwa, nani aliiamuru. Akashuka taratibu mpaka Jumanne.

"Jumanne mchana umeme ulikatika?"

"Ulikatika," Stela akasema. "Nilikuwa nimebandika wali kwenye jiko la umeme. Niliula mbichi."

"Pole. Lakini wali wako unakutetea. Meneja, sogea. Unaona hapa? Mashine imekufa ghafla. Hakuna aliyeiamuru izimike. Umeme umerudi, imejiwasha, na jambo la kwanza ililoandika ni hili: jina langu lilikuwa LUHENDE, sasa ni MPAGAZI."

"Basi ni Jumanne, kama nilivyosema."

"Sikia. Ukibadilisha jina la kompyuta, jina jipya haliingii mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Hukaa tu likisubiri. Angekuwa Stela Jumanne, angebadilisha kisha aiamuru iwake upya, na amri hiyo ingeandikwa hapa. Haipo. Kilichoiwasha upya ni umeme. Jina lilikuwa limeshawekwa kabla, pengine siku nyingi, na kwa kuwa mzee hazimi mashine yake, lilisubiri tu. Mwaka mzima lingeweza kusubiri."

Dionis akasoma mstari huo mara mbili. Kisha akaenda kwenye meza ya mapokezi, akatoa kikombe, chaja, Bikira Maria na ndala kutoka mfukoni, akavipanga mezani. Sanamu aliigeuza ikatazama mlango kama ilivyokuwa.

"Nisamehe, Stela," akasema. "Nilitafuta mtu wa karibu nikakuona wewe."

Stela aliitikia kwa kichwa, na chozi likadondokea ndala.

"Sasa ni nani?" Dionis akauliza.

Recheli alikuwa bado amepiga magoti. "Nimekuwa nikijiuliza swali dogo. Nani anaweza kumwita Mnyamwezi mzee mpagazi, kwa mizigo ya misafara waliyobeba babu zetu mpaka pwani, akatarajia acheke? Mimi nisingethubutu. Wewe meneja ungethubutu, watu wangekununia mwezi mzima. Ni mtani peke yake. Mzaramo. Mtu ambaye ameshaitwa dafu, na bado hajalipa." Akainua macho. "Bi Najiat, wewe ndiwe uliyejibu."

Bi Najiat alikuwa ameikumbatia kanga yake mpaka imejikunja yote.

"Ijumaa," akasema. "Aliwahi kuondoka, alikuwa na mazoezi ya kwaya. Mwenyewe ndiye aliyenionyesha pa kubofya, siku ile ya dafu, anajisifu kama kaumba dunia. Nikakaa kitini pake nikaandika. Ikaniuliza, niwashwe upya sasa hivi au baadaye? Nikabonyeza baadaye. Nilitaka Jumatatu nimchokoze aizime mbele yangu, nimwone uso wake." Akaipapasa kanga. "Halafu Jumatatu ndiyo zikaja zile habari. Nikaifunika. Niliona haya, mwanangu. Niliona kama nimemtukana maiti. Kwamba ndiyo imezuia folda, Wallahi sikujua."

Akavuta kiti cha jirani akakaa.

"Baba yangu alipokufa," akaendelea, "Luhende alivaa kofia ya reli ya marehemu na buti zake, akazunguka matangani anapiga mluzi kama injini, anadai tiketi kwa kila mtu. Mama yangu, aliyekuwa hajala, akacheka mpaka akaomba uji. Na mimi Jumanne ilikuwa zamu yangu. Wote walinitazama mimi, mtani. Nikashindwa. Nilikaa tu nikalia kama mtu baki. Nilimpenda yule mzee, jamani. Nimemzika bila hata utani mmoja."

Recheli akamshika mkono. Kisha akageukia mashine, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda na mapipa yalikuwa ghalani.

"Dawa ni rahisi," akasema. "Naandika LUHENDE, naiwasha upya, na kila mtu anaifungua folda kama zamani." Vidole vilikuwa tayari kwenye kibodi.

"Dada Recheli." Ni Stela. "Na ikibaki hivyo ilivyo?"

"MPAGAZI? Itabidi kila kompyuta ifundishwe njia mpya, na niweke paswedi nyingine hapa. Ni kazi ya mchana mzima."

"Nitaifanya mimi."

Recheli akamtazama yule binti ambaye jina hilo lilikuwa limpeleke mahabusu saa tisa. Akamtazama meneja.

"Iacheni," Dionis akasema. "Nitawaeleza bodi. Sijui nitawaelezaje, lakini nitawaeleza."

Wakaanza kazi. Recheli aliweka paswedi mpya, Stela akazunguka meza hadi meza, akiandika jina la mgeni yule yule aliyemtoa usingizi usiku wa kuamkia leo. Alianzia kwake. Akabofya, akangoja, uso umekaribia kugusa skrini.

"Imefunguka," akasema. Kisha kwa nguvu zaidi: "Mapipa yote yamo! Igalula, Ulyankulu, yote!"

Dionis alikuwa ameshashika simu kumwita msimamizi wa ghala. Bi Najiat alinyanyuka, akalichukua lile koti la kahawia mgongoni mwa kiti, akalipima mabegani kwake. Halikumtosha, akalivaa hivyo hivyo.

"Jumamosi nitakwenda nalo," akasema. "Na mwiko wangu."

Halafu akaikunjua kanga, akaizungusha mkononi mpaka ikawa ngata nene, ile anayoiweka mtu kichwani kabla ya kutwishwa. Akaiweka juu ya kompyuta ya mzee Luhende, akairekebisha ikae sawasawa.

"Haya, mpagazi," akasema, na safari hii sauti haikukatika. "Beba, twende."